Kapu la Mama na Kima wa Baba Mkwe

Ndugu msomaji, katika nyumba yangu hapa Mbeya, juu ya kabati la vyombo, limewekwa kapu moja la milulu. Ukingo wake umekwisha kuchakaa, na rangi ya zambarau iliyolizunguka tumboni imefifia hata huwezi kusema kwa yakini kama ni zambarau au ni hudhurungi. Wageni huliona wakadhani ni pambo. Leo napenda nikusimulie habari za kapu hilo, na pamoja nalo habari za mnyama mmoja wa msituni, kwa kuwa mambo hayo mawili yamenifunza somo moja ambalo nilichelewa mno kulijua.

Nilizaliwa katika vilima vya Uhehe, mkoani Iringa. Mama yangu, kama wanawake wengi wa rika lake, alikuwa msusi. Mvua zilipopungua aliteremka bondeni, penye majimaji, kukata milulu. Akaileta nyumbani kichwani, akaianika juani hata ikakauka, kisha akaanza kusuka, toka kitako akipanda juu kwa kuzunguka. Kazi hiyo aliifanya jioni, baada ya jembe na baada ya chungu, wakati baba na wenzake wamekaa uani na mbeta zao za ulanzi. Kapu lililosukwa vema lilikazana hata unga haukupenya. Ndani yake tulikingia unga, tukabebea maharage, tukapelekea chakula kwa jirani aliyefiwa.

Mwaka 1967 nilichaguliwa kwenda shule ya bweni. Mama alinisukia kapu jipya la kuchukulia vitu vyangu, lenye mistari ya zambarau. Nililitazama nikalia. Niliwafikiria wasichana wengine watakaoshuka katika basi na masanduku ya bati, nami na kapu la kijijini. Mama hakunigombeza. Siku ya gulio alichukua makapu manne mengine, akayauza, akarudi na sanduku la bati lenye kufuli. Kwa hiyo sanduku lililonisitiri nisionekane binti wa msusi lilinunuliwa kwa makapu. Jambo hilo sikulitafakari wakati ule. Tena aliponiita nikae karibu naye nijifunze kusuka, nilimjibu, "Mimi nitakuwa mwalimu, mama. Makapu tutanunua." Hakuniita tena.

Nikawa mwalimu kweli. Mwaka 1975 niliolewa Rungwe, nikaingia nchi ya mvua na migomba, ambako ndizi si tunda la kumaliza mlo bali ndizo mlo wenyewe. Mama mkwe alinipokea vema. Alinifundisha kupika mbalaga, na alinipa chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa pwani ya Ziwa Nyasa. Wanawake wa Ikombe hufinyanga vyungu hivyo kwa mikono mitupu, na huvipakia katika mitumbwi hadi sokoni karibu na Matema. Maharage yaliyopikwa katika chungu kile, kwa moto wa taratibu, sijapata kuyaonja katika sufuria yoyote.

Kwa baba mkwe mambo yalikuwa mengine. Wasomaji wa Unyakyusa wanajua kwamba kwa mila ya kale mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Familia yetu ilikuwa ikiishika mila hiyo. Nikisikia kikohozi chake njiani nilipinda kando ya migomba. Hivyo yote niliyoyajua juu yake yalinifikia kwa kinywa cha mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akishinda kwa babu yake akiota moto na kusikiliza hadithi.

Jioni moja mwaka 1983, mtoto alirudi macho yakimng'aa. Babu amemweleza habari za kipunji, kima wa juu kabisa mlimani Rungwe. Ana manyoya marefu ya kahawia, na nywele zimemsimama kichwani kama shungi la ndege. Halii kama kima wengine. Sauti yake ni kama ya kubweka. Ni mwenye haya, na ukimwona mara moja umebahatika. Mimi nilikuwa na kitabu cha wanyama nilichokitumia darasani. Nilikifungua, nikamwonyesha mtoto mbega, ngedere na nyani, ukurasa kwa ukurasa. Nikamwambia, "Huyo wa babu hayumo. Hizo ni hadithi za wazee tu."

Mtoto ni mtoto. Kesho yake alimrudishia babu yake maneno yale kama alivyoyapokea: mama amesema kipunji hayumo kitabuni. Nilielezwa baadaye kwamba mzee alicheka kidogo, akachochea moto, akasema, "Basi mama yako amesoma." Tangu siku hiyo hakumsimulia tena mjukuu wake habari za msitu. Alifariki mwaka 1994, na kwa jinsi mila ilivyokuwa, sikupata kumwomba radhi uso kwa uso, wala sikuwa nimejua bado kwamba ninayo radhi ya kuomba.

Mwaka 2003 wataalamu wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi Rungwe waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kipunji. Hapo kwanza hata wao hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au ni wa ngano. Walifuatilia, wakamwona. Mwaka 2004 wengine walimkuta kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa kwetu Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Habari zake zikatangazwa ulimwenguni mwaka 2005. Na mwaka uliofuata ikathibitika kuwa si kabila jipya tu la kima, bali ni jenasi mpya kabisa, jambo ambalo kwa upande wa nyani na kima wa Afrika halikuwa limetokea tangu 1923. Jina lake la kitaalamu limebeba jina la mlima Rungwe, na jina kipunji limebaki kama wazee walivyolitamka. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 iliwapata 1,117 tu.

Mwanangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, naye wakati huo ni mtu mzima mwenye watoto. Hakunisalimu vizuri. Alisema, "Mama, kipunji yumo kitabuni." Kisha tulinyamaza wote wawili.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba nakusimulia haya ili kudharau vitabu. Nimekula kwa vitabu maisha yangu yote. Nasema tu kwamba kitabu huandikwa na mtu aliyemuuliza mtu mwingine. Huko huko Udzungwa, mwaka 1991, wataalamu waling'amua aina mpya ya kwale baada ya kuona miguu ya ndege ndani ya chungu cha kitoweo kambini. Alikuwa chakula cha watu kabla hajawa ndege wa maandishi. Mpishi alimjua kwanza.

Mama yangu naye alifariki mwaka 1998. Miaka michache iliyopita nilikwenda Iringa nikiwa nimekusudia kujifunza kwa dada wa binamu yangu kile nilichokikataa kwa mama. Nilimwomba kwanza anipeleke bondeni tukakate milulu. Tulipofika nilisimama nikashangaa. Bonde lote lilikuwa vinyungu: matuta ya mahindi mabichi, maharage na mboga, maji yamechepushwa kwa mifereji. Milulu ilisalia ukanda mwembamba kando ya kijito. Nilianza kulalamika, dada akanikatiza kwa upole. "Vinyungu hivi ndivyo vilivyosomesha watoto wangu," alisema. "Ungekuwa hapa, ungelima nini?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu lililo rahisi. Siku hizi wasusi huenda mbali kuikata, au huinunua kwa mafungu. Makapu yenyewe bado yana soko, tena husafiri hadi Ulaya na Marekani. Kinachopungua ni bonde.

Nilikaa kwa dada majuma mawili. Vidole vya mtu mzima ni vigumu kufundishika. Kapu langu la kwanza lilipinda upande mmoja kama kofia ya mlevi, na watoto wa nyumba ile walicheka hata wakajishika mbavu. Nimelileta Mbeya, nalo linatumika jikoni kwa vitunguu. La mama ndilo lililo juu ya kabati. Ndilo lile lile nililolikataa mwaka 1967. Alilitunza miaka yote, akanipa siku nilipoolewa bila kusema neno lolote la zamani.

Akina mama na akina baba mnaosoma ukurasa huu Jumapili ya leo, wengi wenu mnaye mzee nyumbani, au jirani, au kijijini. Mwacheni mtoto akae naye. Mtoto akirudi na habari ambayo hamkupata kuisoma mahali popote, msikimbilie kumsahihisha. Mwambieni arudi akamwulize mzee: ulimwona wapi, alikuwa anakula nini, na ni nani mwingine aliyemwona. Mimi sikuuliza hata moja kati ya maswali hayo, na mtu aliyekuwa na majibu alikuwa akiota moto hatua chache kutoka mlangoni pangu.