Songea kwa Wawili: Twende Pango la Chandamali

Ukiwaambia mashoga zako wa Dar kwamba unakwenda Songea na mumeo kupumzika, swali la kwanza litakuwa: kuna msiba wa nani? Tumezoea kwamba mapumziko ya wapendanao ni Zanzibar au Bagamoyo, yaani kanga, madafu na picha za ufukweni. Sawa. Ila msomaji wangu, kama mna jambo zito la kuzungumza, ufukwe haufai. Tafuteni njia nyembamba ya kupanda kilima, mmoja anatangulia, mwingine nyuma, hamtazamani usoni. Maneno yatatoka yenyewe.

Njia tuliyopita sisi inakwenda kwenye pango la kilima cha Chandamali, hapo hapo Songea. Si safari ya kukutoa roho. Vaa raba, hivyo visigino acha hotelini, beba maji na tochi. Kama ni Juni au Julai, sweta ni lazima, baridi ya Songea haina mzaha. Anzieni Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge, mpate mtu wa kuwaongoza. Usiruke hatua hii, maana bila makumbusho, pango utaliona mawe tu.

Hapo Mahenge ndipo walipozikwa mashujaa wa Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Wangoni zaidi ya 60, wakawafukia katika kaburi moja. Yumo Nkosi Mputa Gama, aliyekuwa chifu. Na yumo mwanamke, Nduna Mkomanile. Dada zangu, hapa nilisimama. Shuleni tulikariri Kinjekitile wa Ngarambe mpaka tukamwota, lakini mama huyu, anayekumbukwa kwa kumpokea Kinjala aliyeileta dawa ya maji Ungoni, sikumbuki hata siku moja kuulizwa habari zake kwenye mtihani. Alikuwa kiongozi, na alinyongwa kama kiongozi.

Kando kuna kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Yeye alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, akakataa: wenzake wameuawa, yeye abaki na nani? Wazee wanasema kaburini hakuna kichwa, kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo, akakutana na ukoo wake na kuomba radhi. Aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu, ila hakuahidi kwamba litapatikana. Jamani, hebu fikiria kuomboleza babu kwa zaidi ya miaka 100 na bado hujui umemzika nusu au mzima.

Kwa hiyo tulipofika Chandamali, ambako Nduna huyo alikuwa akijificha wakati wa vita, hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga picha. Unainama, unaingia, ubaridi unakupokea. Sauti inabadilika, hata mnong'ono unaonekana mkubwa. Niliweka kiganja kwenye jiwe nikawaza: alilala upande gani? Alikula nini? Nani alimletea habari kwamba wenzake wamekamatwa?

Mume wangu ni Mngoni, wa hapo hapo. Tumeoana miaka tisa. Tulipokuwa tunashuka, yeye mbele, akasema bila kugeuka, "Mama Nuru, nataka turudi nyumbani."

"Hotelini?"

"Nyumbani. Huku."

Nikanyamaza hatua kama ishirini. Kisha nikamuuliza, na kazi yangu? Na shule ya mtoto? Akasema mama yake anazeeka peke yake, shamba la mahindi linalimwa na watu baki, na kuna kiwanja ameonyeshwa. Ameonyeshwa lini? Mwezi wa pili. Na wakati huo ulikuwa wa nane! Hapo nilipandisha sauti, nakiri, hata yule mzee aliyetuongoza akajifanya kufunga kamba za viatu.

"Ungeniambia Dar," nikasema.

"Dar ungenipa majibu ya Dar."

Wapenzi wasomaji, hilo nalo ni jibu?

Mchana tulikula ugali na mbasa wa Ziwa Nyasa, samaki mtamu mpaka hasira inapungua, na hilo pekee linatosha kukufikisha Ruvuma. Mama mkwe alitupokea jioni kwa chai na mahindi ya kuchoma. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, akauliza, "Ameshakwambia?"

Kumbe alikuwa anajua. Nikamjibu, "Ndiyo mama, ameniambia." Akanisogezea sukari.

Kiwanja bado hatujanunua. Ila bei nimeshauliza.