Siku 11

Wasee, wacha niwaambie kuhusu safari ambayo sikuenda.

Buda yangu ni soja wa usiku hapa Kakamega. Shuleni nilikuwa nadanganya ati ni meneja. Halafu nikaanza kuona Papa Shirandula kwa Citizen TV, jamaa anamficha bibi yake Wilbroda kuwa kazi yake ni kulinda geti. Buda alikuwa anacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nacheka nikijiona.

Nikaweka nauli ya Nairobi. Nilitaka tu kumwambia Charles Bukeko asante, uso kwa uso. Corona ikaingia, Nairobi ikafungwa Aprili 2020. Ilifunguliwa 7 Julai. Nikasema wacha kwanza nauli ishuke. 18 Julai, Bukeko akaaga.

Siku 11 tu.

Hiyo pesa nilinunua nyama choma, nikampelekea buda kazini usiku. Nikamwambia asante.

"Ya nini sasa, kijana?"

Nikamwambia ukweli wote, hata ule uongo wa meneja. Akacheka, akanikatia kipande kikubwa. Mwaka niliacha chuo, yeye ndiye alijua wa kwanza. Sikumficha.

Kuna mtu unangoja kumshukuru? Nenda leo, hata kama nauli iko juu.