Njia ya Baiskeli Kando ya Mfereji

Kusini mwa Ufaransa uko mfereji mkubwa uitwao Canal du Midi, nao watoka mji wa Toulouse hadi ziwa la Thau, karibu na bahari ya Mediterania, mwendo wa kilomita 240. Kando yake imo njia waliyopita farasi zamani, wakivuta mashua kwa kamba. Siku hizi hupita wapanda baiskeli, wala motokaa hazionekani kwa sehemu kubwa. Karibu na Toulouse njia ina lami. Mbele ni udongo, na mizizi humtikisa mpandaji. Akifika Minervois huyaona mashamba ya mizabibu yamepakana na maji.

Aliyeuanzisha mfereji huo mwaka 1666 ni Pierre-Paul Riquet, mtoza ushuru wa chumvi, ambaye alitumia humo mali yake nyingi. Alifariki mwaka 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa.

Kivuli cha njia hiyo ni cha miti mirefu ya platani, iliyokuwa 42,000 hivi. Lakini mwaka 2006 uligunduliwa ugonjwa wa kuvu usio na dawa. Mti ukiupata hukatwa na kuchomwa moto. Maelfu yamekwisha kukatwa, na miche ya aina nyingine hupandwa badala yake. Basi msafiri huenda mara kivulini, mara juani. Baadhi ya wapandao miche hiyo hawatakaa chini ya kivuli chake, kama Riquet asivyouona mfereji wote ukifunguliwa. Hata hivyo wanapanda.