Kutoka Tanga na Wimbo Mmoja

Basi liliondoka Tanga alfajiri, na tulipofika Muheza nilikuwa bado nausikiliza wimbo wangu kwenye simu: fidla, kinanda, dumbaki, na kiitikio cha kina mama wawili wa mtaani kwetu. Mtayarishaji mmoja wa tamthilia aliusikia kwa rafiki yake, akanipigia niende Dar tuzungumze, kwani alikuwa anatafuta wimbo wa ufunguzi. Nimetunga nyimbo za harusi na kwaya miaka mingi, lakini kituo cha televisheni sikuwa nimekikanyaga.

Kutoka Segera hadi Chalinze kuna muda wa kutosha kuwaza. Niliwawaza wazee wetu wa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star, walioifanya Tanga isikike mbali. Enzi zao bendi nyingi za nchi hii zilikwenda kurekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu. Nyimbo za zama zile tunazijua hadi leo. Majina ya waliozitunga, wachache wetu tunayajua. Hilo ndilo lililonifanya nibebe bahasha: maneno ya wimbo yaliyoandikwa na kutiwa tarehe, risiti ya studio, na barua ya mwenye studio kwamba nilimlipa na rekodi ni yangu.

Niliteremka stendi ya Magufuli, Mbezi, nikaungaunga daladala hadi kituo cha televisheni, Mikocheni. Dada anayesimamia muziki kituoni aliniamkia, akaniketisha mbele ya kompyuta yake, na swali lake la kwanza likawa: "Mwalimu, wimbo huu una wenyewe wangapi?"

Tukawahesabu pamoja. Lahani na maneno ni ya mtunzi. Rekodi ni ya aliyeigharimia. Sauti na vyombo ni vya walioimba na kupiga, nao wanalindwa na kile ambacho Sheria ya Hakimiliki, Na. 7 ya mwaka 1999, inakiita hakishiriki. Kituo kikimlipa mmoja na kumsahau mwingine, madai hayaishi. Bahasha yangu ilijibu sehemu kubwa; kwa wale kina mama na wapigaji niliwapigia simu palepale, wakatuma ridhaa zao zilizosainiwa.

Kisha akanionyesha muziki wao unatoka wapi. Kuna nyimbo ambazo wasanii huleta wenyewe zipigwe kwenye vipindi vya burudani. Hizo kituo huzirusha kwa leseni ya utangazaji, na kutokana na leseni hiyo ndipo mirabaha inapogawanywa. Kuna maktaba za muziki za nje, ambako kituo hulipa ada na kuchukua sauti za kupita chini ya taarifa na makala. Halafu kuna muziki unaoagizwa au kuchaguliwa kwa kipindi maalumu, kama wangu. Huu leseni ya utangazaji pekee haiutoshi: kuunganisha wimbo na picha za tamthilia kunataka mkataba wa peke yake na wenye haki.

Nilimuuliza kwa nini muziki wa chini ya taarifa usitoke kwetu. Akasema bila kusita: maktaba ya nje ina karatasi zote tayari, na mhariri anayekimbizana na saa hana nafasi ya kumtafuta mtunzi Lushoto kwa simu. Jibu hilo liliniuma, kwa kuwa ni kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba wa kwanza ulioletwa mezani ulitaka haki zote, daima, duniani kote. Nilikataa kwa adabu. Leseni ni kupangisha nyumba. Ule ulikuwa mkataba wa kuuza mpaka kiwanja. Tulibishana kwa upole hadi jioni, tukakubaliana: tamthilia hiyo peke yake, miaka mitatu, televisheni na ukurasa wao wa intaneti, marudio baada ya hapo yalipiwe upya, kuuza kipindi nje ya nchi kuwe na malipo yake, hakimiliki ibaki kwangu.

Kesho yake nilikwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuusajili wimbo. Haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, na humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini cheti ni ushahidi siku ya ugomvi. Pale nilielewa pia umuhimu wa kituo kuandika orodha ya matumizi: jina la wimbo, mtunzi, na dakika ulizosikika. Bila orodha hiyo, anayegawa mirabaha hana njia ya kumjua anayestahili.

Kwa hiyo nawaambia watunzi wenzangu wa Tanga na kwingineko: andikeni nani alifanya nini kabla hamjatoka studio, na msisaini neno "daima" bila kujua bei yake. Na kwa vituo nina ombi moja. Mwisho wa tamthilia huandikwa jina la aliyewapamba waigizaji na la aliyebeba taa, na ni haki yao. Mwandikeni na mtunzi, kisha pelekeni orodha yake panapohusika. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na ndiyo itakayomwezesha mtu wa Lushoto kuishi kwa muziki wake bila kuhama Lushoto.