Zimwi katika Vinywa vya Watoto

Wako watu wanaodhani kwamba utenzi wa mazimwi ni mchezo wa watoto, na kwamba kuutia katika muziki ni mchezo juu ya mchezo. Siwalaumu. Lakini kwa miaka sita nimefanya kazi hiyo pamoja na walimu wa kwaya za shule za msingi katika Shinyanga na Geita, na nimeona kwamba mchezo huu una uzito wake. Ningependa kuueleza.

Hadithi tuliyoichagua ni ya Shing'weng'we, zimwi la Wasukuma, lililomeza watu na mifugo yote ya nchi. Alisalia mwanamke mmoja mwenye mimba, naye akamzaa Masala Kulangwa. Neno masala kwa Kisukuma ni akili. Mtoto alipokua aliuliza watu wako wapi, akatoka kulitafuta zimwi. Kila alipoua mdudu au mnyama alirudi kumwuliza mama yake kama ndilo, akaambiwa silo. Mwishowe akalipata, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka wazima.

Niliitunga hadithi hii kwa Kiswahili kwa kuwa dhahabu imechanganya watu. Geita palikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930 hata 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wenye maduara yao wamekuja kutoka pande zote. Mtoto wa Kisukuma huketi dawati moja na wa Kiha na wa Kizinza.

Utenzi una mizani 8 katika kila mshororo, na hesabu hiyo humfaa mtunga muziki. Taabu iko katika mkazo. Kiswahili huuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, hali kina hukaa katika silabi ya mwisho, ambayo ni nyepesi. Muziki ukimalizia mshororo kwa pigo zito, kina husikika lakini neno huharibika. Ukiliweka pigo mahali pake, neno husalimika na kina hufifia. Tena Kisukuma ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na sikio lililolelewa humo hudai sababu ya kila noti inayopanda.

Mshororo wangu wa kwanza ulikuwa huu: Zimwi lilimeza nchi. Mkazo wa neno nchi huangukia n, konsonanti isiyo na irabu, na nilikuwa nikitafuta neno jingine la kuliweka mahali pake. Watoto walinitangulia. Waliishika n ile puani kwa mapigo mawili, na sauti nzito ikavuma chumbani kama kitu kilichoshiba. Neno likabaki.

Mwisho wa hadithi ndio uliotugawanya. Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua zimwi, kisu chake kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Kikongwe akakasirika, akataka kumroga. Masala akatafuta dawa, akamtibu, na watu wakamfanya mtemi.

Mzazi mmoja, mtu wa busara, alinishauri nizifute beti hizo. "Mwalimu," alisema, "watoto hawa husikia habari za uchawi nyumbani, usiwaongezee shuleni." Hoja yake haikuwa nyepesi. Katika Shinyanga vikongwe wameuawa kwa miongo mingi kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa ajili ya macho mekundu tu, ambayo moshi wa jikoni hutosha kuyaleta. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na dhahabu ikiwamo. Buhangija, mjini Shinyanga, ikawa kimbilio la watoto waliotolewa makwao wasiuawe. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mahali kama hapo, nani awafundishe watoto wimbo wa kikongwe anayetaka kuroga?

Nilimjibu kwamba kilichoua watu ni ubunifu uliojiita ukweli. Mpiga ramli asemapo kwamba mfupa wa mtu huvuta dhahabu, yeye naye anatunga, ila huuficha mkono wake. Utenzi hauufichi. Mizani yake huhesabika, vina vyake husikika, na mtoto aimbaye sauti ya zimwi leo huimba sauti ya mama kesho. Anajua kwamba zimwi limekaa katika koo lake na la mwenzake, si kwingine. Aliyejifunza jinsi jambo la kutisha linavyotungwa hatatishwa upesi na mtungaji mwingine.

Beti zikabaki. Lakini sauti ya kikongwe niliwapa watoto wote waiimbe pamoja, asije akapatikana mmoja wa kuitwa mchawi uwanjani.

Siku moja ya mazoezi msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, yule bibi alikuwa mchawi kweli?" Kabla sijajibu, mwenzake alisema hapana, alikuwa ameumia sikio tu. Mvulana wa nyuma akapinga: alikuwa mchawi, ila alitibiwa. Wakabishana mpaka kengele ikalia. Sikuwaamulia. Kwa wote wawili kikongwe alipona, akaenda kwake.