Hatukungoja Desemba

Sisi Abagusii tunaijua sana siku ya kulitoa govi, lakini kulitunza hatufundishani. Mvulana hutahiriwa akiwa na miaka minane, kumi, hata kumi na miwili, shule zikifungwa Novemba. Kabla ya hapo anaitwa omoisia, mtoto tu, na sehemu hiyo ya mwili wake hakuna anayeiulizia. Tena kuna chinsoni, ile heshima inayotuzuia wazazi na watoto, wakwe na wakamwana, kutaja mambo ya siri ya mwili. Babu na mjukuu ndio walio huru kuambiana lolote, na uhuru huo ndio uliomwokoa mwanangu.

Alikuwa na miaka minane. Mtoni, wavulana wakubwa walimwambia kwamba omosari, yaani ngariba wetu, humkaripia anayekuja kutahiriwa akiwa na uchafu ndani ya ngozi. Basi akaivuta ngozi nyuma kwa nguvu ili aoshe, ikakwama huko. Jioni alitembea miguu imepanuka, akakataa chakula, akaniambia tumbo linamuuma. Kwa babu yake alisema kweli yote. Mzee ni baba mkwe wangu, hangeweza kunitamkia jambo kama hilo, kwa hiyo akamtuma mama mkwe. Nikamsikia mlangoni: "Mama watoto, chukua leso. Mzee amesema huyu kijana asilale hapa, apelekwe hospitali."

Nilimmulika kwa simu. Kichwa cha uume kilikuwa kimevimba na kuanza kubadilika rangi, na nyuma yake ngozi imejikunja ikabana kama uzi uliofungwa kidoleni. Jirani aliyekuja kuona kuna nini alishauri tumkande kwa maji ya chumvi, tungoje Desemba omosari amalize taabu zote mara moja. Ulikuwa mwezi wa sita. Mume wangu yuko Nairobi. Nilimpigia simu nikiwa tayari juu ya bodaboda, mtoto katikati, tunaelekea hospitali ya Ekerenyo kwa mvua.

Aliyekuwa zamu usiku ule ni daktari wa kike, na mwanangu akajifunika uso kwa leso yangu. Daktari alimwita "baba", akampaka dawa ya ganzi, akaizungushia shashi ile sehemu iliyovimba, akaikamata mkononi na kuibana polepole, bila kuachia, mpaka uvimbe ukapungua. Kisha kwa vidole gumba akakisukuma kichwa ndani huku vidole vingine vikiivuta ngozi mbele. Ikarudi kwa ghafla. Mtoto akapiga yowe moja, akatulia, akaomba kwenda kukojoa. Nililia hapo hapo, sikuona haya.

"Mama, ngozi ikikwama nyuma ni dharura ya saa ile ile," aliniambia. "Damu inaingia, kutoka inashindwa. Mkikawia, nyama inaweza kufa." Akaendelea kunieleza yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia, nami nimezaa wavulana wawili. Mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikana na kichwa cha uume. Huachana lenyewe kwa miaka, kwa wengine mpaka wanapobalehe, na kulivuta kwa nguvu huchana ngozi ikaacha kovu linalobana zaidi. Kwa hiyo ngozi isiyofunguka kwa mtoto mdogo si ugonjwa. Ugonjwa ni mkojo unaouma au unaotoka kwa shida, usaha, damu, wekundu pamoja na homa, au ncha ya ngozi kuwa nyeupe na ngumu. Akishindwa kabisa kukojoa, hapo hamsubiri asubuhi. Mara nyingi dawa ya kupaka kwa wiki kadhaa hulegeza ngozi, si lazima kisu. Na mtu mzima anayewashwa na kuvimba hapo mara kwa mara apimwe sukari, maana kisukari huweza kujionyesha kwa njia hiyo. Kidonda kisichopona pia kionwe na daktari, asione aibu.

Nimefikiri sana kwa nini haya yalinipita. Tohara ninayoisikia ikitangazwa ni ile ya kupunguza Ukimwi, tangu utafiti wa Kisumu wa 2006 na kampeni ya serikali iliyoanza 2008. Kampeni ile ililenga zaidi jirani zetu Wajaluo, nasi tukaona haituhusu, maana wetu watatahiriwa tu. Miaka minane au kumi ambayo mtoto anaishi na govi lake hakuna aliyeizungumzia.

Desemba ilipofika, uvimbe ulikuwa umekwisha zamani. Tulikubaliana na mzee kwamba mjukuu wake akatahiriwe hospitalini, kwa sindano ya ganzi na vifaa safi. Kabla ya kumgusa walituuliza kama kuna mtu wa ukoo anayetokwa damu isiyokoma, na kama amechanjwa pepopunda. Kisha akarudi kukaa ndani na wenzake kama desturi ilivyo, esimbore, wimbo wetu wa tohara, ikaimbwa njia nzima, na hakuna aliyemwona pungufu.

Mdogo wake ana miaka mitatu. Namwosha kwa maji, nje tu, sivuti chochote. Nimemwambia hivyo na msichana anayenisaidia kumwogesha, na kwenye chama chetu cha akina mama nimelisema jambo hili kwa jina lake. Wawili walinifuata baada ya mkutano, kila mmoja peke yake. Mmoja tulikwenda naye Ekerenyo Jumatatu iliyofuata; mwanawe amepewa dawa ya kupaka.