Jiwe la Majivu la Njia ya Likasi

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi, njia ya kilometa karibu 120, shuka mara moja uangalie majiwe ya kando. Utaokota lile la rangi ya majivu, linalokwaruza mukono sawa mchanga. Kila mutoto wa kwetu analijua, lakini jina lake? Wengi wanasema paka «gre», yaani mchanga wa zamani ulioshikamana, na wanapita.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Siku moja, nikiwa kijana, nilijaza mfuko, nikaubeba kwa kichwa mpaka kwa munegosia mumoja. Akacheka: «Mutoto, hii ni majiwe ya fondasio!» Alisema kweli, lakini iliniuma.

Basi wewe, kijana, kabla ya kulipa mtu wa kukubebea, vunja jiwe kwanza, juu ngozi ya nje inadanganya. Sugua pale palipovunjika. Punje zikitoka moja moja, na zikikwaruza chupa, ni gre. Punje zake nyingi ni kwarsi, na kisu hakiiwezi. Kama jiwe limevunjika kwa kukata punje zenyewe, na ukiligonga linalia sawa chuma, ni kwarsiti.

Lakini kisu kikiingia bila taabu, simama. Pengine ni dolomi. Hapa ndipo wengi tunapotea, maana dolomi ya majivu inafanana sana na gre, na katika vilima vyetu ndiyo inayokaa pamoja na shaba. Si kusema kila dolomi ina mali! Tafuta kijani cha malakiti, ao weusi unaochafua vidole, ambao pengine ni kobalti. Ukimwagia maji ya ndimu, jiwe la chokaa linatoa povu upesi. Dolomi inakawia, mpaka uisage kidogo.

Unaposaga, lowanisha. Vumbi kavu la kwarsi linaharibu mapafu, na haliponi. Wala usijaribu jiwe kwa meno: karibu na Likasi kuko Shinkolobwe, ambako uranium ilionekana mwaka 1915. Jiwe zito jeusi, ao lenye unga wa manjano, usililaze ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Ukitaka kuona gre nyingi, fika Kundelungu, pale maji ya Lofoi yanapoanguka zaidi ya mita 300.

Katika mfuko ule nilibakiza jiwe moja. Liko mlangoni mpaka leo, bibi yangu ananolea kisu.